Mrejesho: grafu ya mihimili sambamba sasa inasomeka

Wakuu, niliuliza kwa nini grafu hii (kila kipimo kina mhimili wake wima, kila gari ni mstari mmoja unaopita mihimili yote) ya magari 32 ya mtcars, seti ya data ya mazoezi, inabana mistari yote chini kwenye mhimili wa uzito. Kumbe pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, haisawazishi vipimo: ujazo wa injini unafika 472 (inchi za ujazo), uzito unaishia 5.424 (maelfu ya pauni), na vyote vinachorwa kwa skeli moja. Dawa: kwa kila safu (yaani kila kipimo), chukua kila thamani, punguza ile ndogo kabisa ya safu hiyo, gawanya kwa tofauti ya kubwa kabisa na ndogo kabisa ili zote ziwe kati ya 0 na 1, ndipo uchore.

Sasa kati ya uzito na maili kwa galoni mistari inakatana kama X, yaani gari likizidi uzito, maili zinapungua. Kati ya uzito na ujazo inakwenda karibu sambamba. Ila soma mihimili inayopakana tu. Iliyo mbali isogeze kwanza ikae jirani. Ahsanteni sana.