Mbio za Buccaneers: tumzomee mkimbiaji, watano wa mbele, au mwenye karatasi ya mipango?

Mtazama Senta (mleta mada)

Wadau wa NFL (ligi ya soka la Kimarekani), salaam. Timu ikishindwa kukimbia na mpira, wa kwanza kuzomewa ni ranibeki, yaani mkimbiaji anayekabidhiwa mpira, kwa kuwa kamera inamfuata yeye. Hoja yangu ni kwamba kwenye yadi nne za kwanza mkimbiaji hana hatia, na ushahidi ninaouleta ni wa Tampa Bay Buccaneers.

Msimu wa 2022 Tampa ilikuwa ya mwisho kati ya timu 32, kwa yadi 76.9 za mbio kila mechi. 2023 ikashika mkia tena kwa yadi 88.8. Wastani wa kila mbio ulikuwa yadi 3.4 misimu yote miwili. Mashabiki walichoka kuona dauni ya kwanza (jaribio la kwanza kati ya manne ya kusogea yadi 10) ikichomwa kwa mbio ya yadi moja katikati, kisha dauni ya pili na yadi 9, kisha kwotabeki, mrusha pasi, anawindwa kama swala. Halafu 2024 timu ileile ikapanda hadi nafasi ya nne kwa yadi 149.2.

Sasa angalieni watano wa mbele wanaomfungulia mkimbiaji njia: senta katikati, gadi wawili ubavuni mwake, teko wawili pembeni. Kabla ya msimu wa 2022 gadi wa kushoto Ali Marpet alistaafu, gadi wa kulia Alex Cappa akaenda Cincinnati, na Julai senta Ryan Jensen akaumia goti kambini. Watatu wa katikati wote wameondoka, na mpira bado haujachezwa hata dakika moja. Usenta akapewa Robert Hainsey, ambaye chuoni alikuwa teko. Gadi wa kushoto akaanza Luke Goedeke, naye teko wa chuoni, tena mwaka wake wa kwanza. Kufika 2024 senta ni Graham Barton aliyechukuliwa drafti (mgao wa wachezaji wapya kutoka vyuoni) raundi ya kwanza, gadi wa kushoto ni Ben Bredeson, Cody Mauch gadi wa kulia yuko mwaka wa pili, Goedeke amerudishwa kwenye uteko wake upande wa kulia, na Tristan Wirfs analinda kushoto. Mnataka ushahidi gani tena?

Hesabu Kwanza

Mkuu, umeruka kitu kikubwa: 2024 haikuja na safu mpya peke yake. Ilikuja pia na Bucky Irving, drafti raundi ya nne, na mratibu mpya wa mashambulizi, Liam Coen. Umebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo mmoja, kisha sifa zote umekipa kimoja.

Bahati nzuri kuna mtu mmoja aliyekuwepo pande zote mbili, Rachaad White. 2023 alikimbia mara 272 akapata yadi 990, yaani 3.6 kwa mbio. 2024 alikimbia mara 144 akapata 613, yaani 4.3. Miguu ni ileile. Hiyo nyongeza ya yadi 0.6 na ushee naikubali kuwa ya safu na ya kocha. Lakini Irving, nyuma ya watano walewale, msimu uleule, alikimbia mara 207 akapata yadi 1,122. Hiyo ni 5.4. Yadi nzima na zaidi juu ya White ilitoka wapi kama mkimbiaji hana kazi?

Na tafadhali, wastani wa timu tuuguse kwa uangalifu. Ndani yake kuna yadi 378 za Baker Mayfield, ambaye ni kwotabeki, na nyingi kati ya hizo ni za kukimbia baada ya pasi kukwama. Ukiwachukua White, Irving na Sean Tucker peke yao, 2024 wana mbio 401 na yadi 2,043, ambayo ni 5.1. Bado ni nzuri sana, ila hesabu iwe safi.

Gadi Mzunguko

Nyote wawili mnabishana juu ya wastani, na wastani hausemi nani alikosea. Tushuke kwenye nyasi.

Mbio za kanda ya nje. Watano wa mbele wanapiga hatua ya kwanza kwa pamoja kuelekea upande mmoja, hatua fupi, karibu nusu ya urefu wa kiatu, ili nyonga igeuke. Kila mmoja analenga bega la nje la mlinzi aliye mbele yake. Mkimbiaji naye anaelekea nje ya taiti endi (mzuiaji wa pembeni ya teko ambaye pia hupokea pasi) huku akimsoma mlinzi wa mwisho. Akibanwa ndani, unapita nje. Akipanuka, unakata mara moja tu kuingia ndani. Kinachoharibu kila kitu ni senta kushindwa kumpita mlinzi wa katikati aliyesimama nusu bega upande wa mbio. Mlinzi huyo anapenya, mkimbiaji anapata mpira akiwa yadi nne au tano nyuma ya mstari, na pale anapotakiwa kupita pana mtu wa kilo 140. Hapo nakubaliana na mleta mada, hata umlete nani hapati kitu. Kosa la pili ni teko wa upande wa nyuma kutomkata mlinzi wake, ambaye anakuja kumshika mkimbiaji kutoka mgongoni. Mbele panaonekana pazuri, yadi hazionekani.

Sasa njoo kwenye mbio zile Wamarekani wanaziita duo, ambazo timu za Coen zinazipenda. Hakuna gadi anayezunguka. Kuna jozi mbili, kila jozi inamsukuma mlinzi mmoja nyuma, nyonga kwa nyonga, macho yote manne yakiwa kwa lainibeka (mlinzi anayesimama nyuma ya walinzi wa mstari wa mbele). Lainibeka akijitupa upande mmoja, mmoja wa jozi anamwachia mwenzake yule mkubwa na kumfuata yeye. Akiachia mapema, yule mkubwa anapasua katikati yao. Akichelewa, lainibeka anafika kwenye mwanya akiwa safi, na unapata yadi mbili.

Lakini nani anamfanya lainibeka ajitupe? Mkimbiaji! Anatakiwa aukaribie mstari kana kwamba anapita pale, amvute, kisha atoke pembeni. Akitoka mapema, lainibeka hajavutika na gadi hana wa kumzuia. Kwenye picha utamwona gadi amesimama kama mgeni asiyejua kiti chake, na lawama utampa yeye. Kosa ni la mkimbiaji. White wa 2023 alifanya hivi mara nyingi mno. Alisitasita nyuma ya mstari akitafuta mlango mkubwa wakati mlango mdogo ulikuwa wazi. Irving ana takriban kilo 87 tu, lakini anakanyaga, anakata, ameshapita. Kwa hiyo ile "yadi nne za kwanza hana hatia" ni maneno ya kishabiki.

Halafu, mleta mada, umetaja kwamba Hainsey alikuwa teko chuoni kana kwamba ndiyo sababu. Barton naye alikuwa teko Duke. Tofauti yao ni wepesi wa hatua ya kwanza na nguvu za kiuno. Cheo cha chuoni hakihusiki.

Mama Tachidauni

Hapo kwenye hatua ya kwanza umesema kweli, kaka. Ila mimi bado simwachii kocha. Hesabuni boksi (walinzi waliokusanyika karibu na mpira) kabla senta hajarusha mpira. Ukiwa na ranibeki mmoja, taiti endi mmoja na wapokeaji watatu, wazuiaji wako ni sita. Ulinzi ukiweka sita kwenye boksi, kila mtu ana mtu wake. Wakiweka saba, mmoja yuko huru na mkimbiaji lazima amshinde mwenyewe. Wakiweka nane na bado unaita mbio katikati, hiyo ni sadaka.

Kero ya 2023 ilikuwa hapa. Dave Canales, mratibu wa mashambulizi wa mwaka huo, aliing'ang'ania mbio kwenye dauni ya kwanza hata pale ambapo watazamaji nyumbani walishaisema kabla ya mpira kuanza. Coen alifanya mambo madogo madogo. Alimwingiza mpokeaji mmoja karibu na safu ili amzuie mlinzi wa nyuma, na Chris Godwin alikuwa hodari wa kazi hiyo chafu kabla hajaumia kifundo cha mguu Oktoba 2024. Alimtembeza mtu mwingine pembeni kabla ya mpira kuanza, lainibeka akasogea hatua moja. Hatua moja inatosha. Na pasi fupi za nyuma ya mstari zilimfanya mlinzi aliyekuwa anakimbilia mbele afikiri mara mbili.

Oktoba 13, 2024, dhidi ya New Orleans, White hakucheza. Sean Tucker, ambaye hata drafti hakuchaguliwa, alikimbia mara 14 akapata yadi 136, na Tampa ikashinda 51–27. Mtu wa tatu kwenye foleni! Mniambie hapo mkimbiaji ndiye aliyefanya kazi.

Pasi Kwanza

Naona mnatafuta muuaji wakati hakuna maiti. 2023, Buccaneers wakiwa wa mwisho kwa mbio, walitwaa ubingwa wa kundi lao na kuifunga Philadelphia 32–9 kwenye mtoano. Mwaka uliotangulia Tom Brady alirusha pasi 733, nyingi kuliko kwotabeki yeyote katika msimu mmoja wa ligi hii hadi wakati huo, na kundi walilitwaa vilevile. Mbio mbovu dawa yake ni kuzipunguza. Kwa nini mwachome bajeti ya mishahara na drafti kutibu kidole wakati kichwa kinafanya kazi?

Mama Tachidauni

Ndugu yangu, mbona umesahau kutaja kwamba mwaka huo wa pasi 733 walimaliza na ushindi 8 na vipigo 9? Kundi lenyewe lilikuwa dhaifu, hata mtu wa kulala angelichukua. Mbio zina kazi ambazo pasi haizifanyi vizuri. Ukiwa unaongoza na dakika nne zimebaki, pasi inayoanguka inasimamisha saa, mbio zinaiacha iende. Ukiwa yadi mbili kutoka mstari wa tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja), uwanja ni mfupi na walinzi wa nyuma hawana pa kutandaza. Na Mayfield alitoka tachidauni 28 za pasi 2023 hadi 41 mwaka 2024. Sisemi mbio peke yake, lakini lainibeka anayeogopa mbio ndiye anayeuachia uwazi mgongoni mwake.

Mtazama Senta (mleta mada)

Nimewasoma. Gadi Mzunguko, ya lainibeka kuvutwa nimeikubali, nilitia chumvi. Lakini Hesabu Kwanza, twende na hesabu zako. Ranibeki Saquon Barkley 2023 akiwa Giants alipata yadi 962, wastani 3.9. 2024 amevaa jezi ya Eagles, nyuma ya Jordan Mailata, Landon Dickerson na Lane Johnson, yadi 2,005, wastani 5.8. Barkley hakuzaliwa upya njiani kati ya New Jersey na Philadelphia. Ni kama straika anayezomewa wakati mawinga hawapigi krosi. Mpeleke kwenye timu yenye krosi, utamwita mfalme.

Hesabu Kwanza

Barkley ni mfano wangu, si wako. Eagles walikuwa na safu nzuri 2023 pia, na ranibeki wao D'Andre Swift alipata yadi 1,049, wastani 4.6. Wakamweka Barkley, ikawa 5.8. Safu nzuri inakupa yadi nne; zile za 5 hadi 60 anazileta mwenye miguu.

Ila sitaki kuonekana nimeshinda, kwa sababu msimu wa 2025 unanisumbua. Irving aliumia mguu na bega, akakosa wiki kadhaa, na wastani wake ukashuka chini ya yadi 4. White akamzidi. Ukichukua msimu huo peke yake utasema White ndiye bora.

Pasi Kwanza

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Gadi Mzunguko

Hapana, hilo ni la kumwonea kijana. Wirfs alianza msimu nje baada ya upasuaji wa goti uliofanyika Julai, na Mauch alimaliza msimu wake baada ya wiki ya pili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo vilikosekana viwili. Coen naye alishaondoka kwenda kuwa kocha mkuu Jacksonville. Irving alikuwa anakata kwenda kwenye mianya ambayo 2024 ilikuwepo.

Anayetaka kugawa lawama kwa haki afanye hivi na marudio ya mechi, apange mbio 20 za dauni ya kwanza. Asimamishe picha mara tatu. Ya kwanza, kabla ya mpira kuanza: hesabu boksi dhidi ya wazuiaji. Wakizidi kwa wawili, andika kocha. Ya pili, mpira unapoingia mkononi mwa mkimbiaji: kama kuna mlinzi nyuma ya mstari, andika safu, na andika nani. Ya tatu, mkimbiaji anapofika mstarini: kama lainibeka bado amesimama wima hajavutika na mkimbiaji ameshakata, andika mkimbiaji. Usihesabu yadi, hesabu mafanikio: 40% ya yadi zinazohitajika kwenye dauni ya kwanza, 60% kwenye ya pili, zote kwenye ya tatu. Mbio moja ya yadi 56 inaficha mbio kumi za yadi mbili. Na tazama picha ya kutoka nyuma ya lango, ile ya pembeni haioneshi mianya.

Kwa huku Afrika Mashariki mechi nyingi za Tampa zinaanza saa mbili au saa tatu usiku, kwa hiyo hakuna kisingizio cha usingizi.

Mama Tachidauni

Nimekuelewa, ila una shimo moja. Taiti endi akikosa kumzuia mlinzi wa mwisho, unaandika wapi? Wengi hapa mnamweka kwenye safu, na yeye hakai chumba kimoja na kocha wa safu.

Gadi Mzunguko

Mpe mstari wake peke yake. Nilikuwa nasubiri nani ataliona, maana ukianza kumwandika huyo, Mauch na Bredeson watapumua.