Wakala ametuuzia Paris, akatulaza Roissy. Someni anuani kabla hamjalipa

Wakuu, habari zenu. Nimevumilia tangu Septemba mwaka jana. Nimepiga simu, nimekwenda ofisini kwao mara nne, nimetuma ujumbe WhatsApp ukasomwa na kuachwa hivyo hivyo. Leo nimechoka. Jina la wakala silitaji, ila akipita hapa atajijua, na nyie mnaojiandaa kwenda Paris mtajua pa kumbana mtu kabla hamjatoa hela.

Mama yangu amefundisha shule ya msingi miaka 36. Alipostaafu, sisi watoto watatu tukachanga akatembee Paris na Roma, mimi nikiwa wa kumsindikiza. Wakala akataka milioni 15 na laki nane kwa watu wawili: ndege, bima, hoteli "Paris mjini", kupokewa uwanjani na ratiba ya kila siku. Tukalipa yote mkupuo mmoja.

Tukatua uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle Jumapili jioni. Wa kutupokea hayupo. Namba tuliyopewa haipatikani. Tukiwa bado ndani ya ukumbi, akaja jamaa ana kitambulisho shingoni, "taxi, taxi", akashika begi la Mama hata sijajibu. Alitutoza euro 90. Hazikupita dakika kumi tumefika hotelini, na Mama akaniambia kwa furaha, "Kumbe Paris iko karibu hivi na uwanja."

Haikuwa Paris. Ilikuwa Roissy-en-France, mji uliopakana na uwanja wenyewe. Dada wa mapokezi akatuambia kuna basi la bure la kuleta wageni wa hoteli za pale, tungelipanda bila kulipa hata senti.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Teksi halali pale uwanjani haimfuati mtu ndani ya ukumbi. Unatoka nje, unafuata vibao, unapanga foleni. Na ukienda Paris yenyewe bei imewekwa kiserikali: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 ukishukia upande wa kaskazini wa mto Seine na 65 upande wa kusini. Hiyo ni bei ya gari zima, si ya kila kichwa, na mabegi yamo. Anayekufuata ndani akikuita "madame, madame", mpite.

Sasa hoteli. Vocha ninayo mezani hapa. Imeandikwa "Paris" kwa herufi kubwa juu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna namba 95700. Ile namba ndiyo ilikuwa na ukweli wote, na mimi sikujua kuisoma. Paris ina wilaya 20, na namba za posta za hoteli za humo zinaanza na 75. Tarakimu mbili za mwisho ndiyo wilaya yenyewe: 75001 ni ya kwanza, 75018 ni ya kumi na nane. Ukiona 95, 93, 77 au 94, umewekwa nje ya mji. Si lazima iwe mbaya, pengine ni nafuu, lakini uambiwe! Mtu amelipia hoteli Posta halafu unamlaza Kibaha, usiseme nako ni Dar.

Maana gharama haikuishia hapo. Kila asubuhi ilibidi turudi uwanjani kupanda treni ya RER B kwenda mjini, na kila jioni turudi nayo. Tiketi ya uwanjani ilikuwa euro 13 kwa mtu, kwenda tu. Watu wawili, kwenda na kurudi, euro 52 kwa siku. Siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi, 208. Nimekuja kujua baadaye kwamba kuna pasi ya wiki, Navigo, ya Jumatatu mpaka Jumapili, iliyokuwa euro 31.60, pamoja na kadi ya euro 5 unayobandika picha yako. Inapanda treni ile ile ya uwanjani, metro na mabasi bila kuhesabu safari. Sisi wawili tungetumia euro 73 na senti 20. Anayejiita mtaalamu wa safari hakuona haja ya kutuambia hilo.

Ratiba ndiyo inayoniuma zaidi. Jumatatu: Jumba la Makumbusho la Orsay. Jumanne: Jumba la Makumbusho la Louvre. Jumatatu tukafika Orsay, milango imefungwa. Nikadhani ni jambo la siku hiyo tu. Jumanne Mama akaamka alfajiri, akavaa kile kitenge alichoshonewa siku ya kuagwa shuleni. Tukashuka stesheni ya Châtelet, ngazi juu, ngazi chini, na magoti yake si mazima. Tukafika uani penye ile piramidi ya vioo, hakuna foleni, hakuna mtu anayeingia. Mlinzi akatuonyesha kibao: Louvre haifunguliwi Jumanne. Kila Jumanne. Na Orsay haifunguliwi Jumatatu. Yaani angezibadilisha tu hizo siku mbili, zote tungeingia! Inaonyesha hakuna aliyeangalia chochote, ratiba ilijazwa tu ili karatasi ionekane nzuri. Nilijaribu kununua nafasi ya siku nyingine kwa simu, iliyopatikana ilikuwa Ijumaa mchana, na Ijumaa asubuhi tunaondoka. Mama akakaa kwenye ukingo wa zege, akaangalia piramidi muda mrefu, akasema, "Basi nimeiona kwa nje." Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

(Tangu Januari 2026 Louvre imepandisha kiingilio kwa wasiotoka Ulaya kutoka euro 22 hadi 32. Kateni nafasi mapema kwenye tovuti yao wenyewe. Na mwenye mzazi wa magoti kama wangu: stesheni nyingi za metro hazina lifti, isipokuwa njia ya 14 ambayo inazo zote. Pandeni mabasi. Sisi tulikuja kugundua Jumatano, Mama akapona.)

Alhamisi tukaenda mtaa wa Château Rouge, metro njia ya 4, stesheni mbili tu kutoka stesheni kubwa ya Gare du Nord, kutafuta ndizi za kupika maana Mama alishachoka mikate. Pale soko lote ni la Waafrika. Mama mmoja wa Bukavu, Kongo, akatusikia tunaongea, akasimama na kapu lake la sombe (kisamvu), wakasalimiana na Mama utadhani ndugu. Akauliza tunaondoka lini. Nikamwambia kesho, ndege ya Roma, kutoka pale pale Charles de Gaulle. Akataka aone tiketi. Akaisoma, akatikisa kichwa: "Mutoto, hii haiko ku Charles de Gaulle. Iko ku Beauvais. Ni mbali, mutaikosa."

BVA. Herufi tatu za uwanja, zimo kwenye tiketi. Beauvais ni mji mwingine, kilomita kama 85 kaskazini ya Paris, na mashirika ya bei rahisi yanauita uwanja wa Paris. Charles de Gaulle ni CDG, Orly ni ORY. Kwa ndege ya asubuhi ile, kutoka Roissy hatukuwa na namna ila teksi: euro 165, tumeamka saa tisa usiku. Tungekosa ndege na hoteli ya Roma kama si mama yule, ambaye hakutudai chochote na ametufungia na ndizi juu.

Niliporudi, wakala akanijibu mara moja tu: "Roissy nako ni Paris, na tiketi ulisaini mwenyewe." Ndiyo, nilisaini. Nilimlipa yeye asome kile nisichokijua.

Ninachodai ni euro 373: 208 za treni na 165 za teksi ya Beauvais. Risiti zote zipo. Zile 90 za tapeli sina risiti, sizidai. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kumrudisha wakala mezani na akalipwa, aniambie alianzia ofisi gani. Na yeyote mwenye vocha ya Paris mkononi ambayo haielewi, afiche jina na namba yake, aweke hapa anuani na zile herufi tatu za uwanja. Nitamsomea leo leo.