Johnny Mathis wa miaka ya 1950: nichukue mkusanyo upi?

SanturiYaJioni:
Wakuu, salaam. Nataka kununua kitu kimoja tu cha Johnny Mathis, mwimbaji wa Marekani, chenye zile singo (nyimbo zilizouzwa moja moja kwenye visahani vidogo) za ujana wake zilizomtoa mwaka 1957. Nimeona vitatu: santuri ya Johnny's Greatest Hits ya 1958, More Johnny's Greatest Hits ya 1959, na kasha la CD 4 liitwalo The Singles, la 2015. Mimi nasikiliza jioni nikiwa nimetulia, sina haja ya kujaza kabati. Mnanishauri nini?

MzeeGramafoni:
Chukua ya 1958, mkuu. Ina nyimbo 12 tu, lakini ndani mna Wonderful! Wonderful!, It's Not for Me to Say, Chances Are, The Twelfth of Never na Wild Is the Wind. Wengi huisifia kwa kuwa ilikaa kwenye chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani, wiki 490, zaidi ya miaka 9, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka 1983, ilipopitwa na albamu ya bendi ya Pink Floyd. Mimi naipendea sauti. Piano inafungua Chances Are kwa noti chache, halafu huyo kijana anaingia bila haraka, anapanda juu bila kukaza koo, na mtetemo wa sauti yake unabaki hewani hata neno likishakwisha. Mpangilio ni wa Ray Conniff, na okestra yake inajua kumpisha mwimbaji. Hiyo ndiyo Mathis niliyoipenda tangu zamani na sijaichoka.

BintiWaTaarab:
Naungana na mzee. Naongeza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: siku zile Columbia, kampuni iliyotoa rekodi zake, ilitenganisha singo na albamu. Kuna LP (santuri kubwa ya albamu) ya 1957 inayoitwa Wonderful Wonderful, na wimbo wa jina hilo haumo! LP ya Warm ya mwaka huohuo nayo ni nzuri sana, Percy Faith ameipangia vinanda vya nyuzi kwa upole, ila usitegemee kukuta Chances Are humo. Ndiyo maana mkusanyo wa 1958 ulikuwa na kazi ya kweli: uliziweka pamoja nyimbo ambazo mtu alikuwa nazo mbilimbili kwenye visahani vidogo. The Twelfth of Never yenyewe ilikuwa upande wa pili wa Chances Are. Fikiria, kisahani kimoja, pande zote mbili zikapendwa.

Kasha_Kamili:
Wadau, nawaheshimu, lakini mimi ni wa The Singles. Mtu akisema anataka singo, mpeni singo. Pale unamfuata kwa mpangilio wa miaka, unasikia anavyokua, na pande za pili ambazo mikusanyo mifupi huziacha unazipata. Nyimbo 12 ni kama dakika 35 hivi, jioni haijaanza zimekwisha.

MzeeGramafoni:
Kijana wangu, kasha ni zuri kwa anayesoma historia. Mwenzetu kasema anataka kutulia. Ukimpa CD 4 atakuwa anaruka nyimbo.

Kasha_Kamili:
Sawa, mzee wangu, hapo umenishika. Ila bado nasema akishaizoea ya 1958 atalitafuta kasha tu.

SanturiYaJioni:
Na ile ya 1959 je, hakuna anayeitetea? Pia nataka wimbo wa Misty, umo wapi?

BintiWaTaarab:
Ya 1959 ina A Certain Smile na Small World, na hizo mbili zinatosha kuipa heshima. Nyingine ni nzuri bila kukamata moyo kama zile za mwanzo. Misty haimo katika yoyote kati ya hizo LP mbili. Iko kwenye Heavenly, ya 1959 pia, na ukisikia jinsi anavyorudi baada ya kipande cha ala, akianza na maneno On my own kwa sauti nyembamba inayotokea mbali, utaelewa kwa nini watu wanainunua albamu nzima kwa ajili yake.

FundiSpika:
Nyie mmeongelea nyimbo, mimi naongelea nakala. Ya 1958 ilitoka kwa mono, yaani sauti ileile kwenye spika zote, namba CL 1133. Ukikuta nakala ya baadaye ambayo kava lake linasema imegeuzwa stirio (sauti tofauti kwa kila spika) kwa mitambo, iache. Stirio ya namna hiyo hutengenezwa kwa kugawa sauti moja, besi huku na treble kule, na Mathis anaonekana kama anaimba bafuni. Sauti laini kama yake huharibika upesi. Mono yake imesimama katikati, karibu nawe. Kagua mitaro chini ya taa, hasa Chances Are, maana ndiyo iliyochezwa kuliko zote, na sindano butu za zamani zimeila.

SanturiYaJioni:
Asanteni sana wote. Nachukua ya 1958, mono. FundiSpika, sindano yangu ni ya stirio ya kawaida, itafaa?

FundiSpika:
Itafaa kabisa. Kama amplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze, mikwaruzo itapungua kiasi.