Mbuzi akivuka uzio ni kosa, jeshi likichoma ekari 12,000 ni ushirikiano: nani alituuliza sisi wa Laikipia?

Ndugu zangu, nimejizuia kuandika juu ya jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu kila mada ya jeshi la Uingereza linalofanya mazoezi hapa kwetu Laikipia, Kenya, inapofunguliwa hugeuka ubishi wa nani ni mzalendo na nani ametumwa. Safari hii sijizuii. Nina hasira, na nakusudia kuieleza kwa utaratibu ili atakayenijibu anijibu kwa hoja.

Nianze na mbuzi. Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi kikali, mjomba wangu anayefuga kaskazini mwa Nanyuki aliamka na mbuzi kumi na mmoja na kufikia magharibi hakuwa na hata mmoja. Hawakuliwa na fisi wala kuibwa. Walipita chini ya uzio wa hifadhi moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, wakafuata majani yaliyosalia katika kibonde kisichozidi ekari moja. Kabla jua halijatua, walinzi walikuwa wamewaswaga wote hadi kwenye zizi la hifadhi, na mzee akaambiwa alipe shilingi 1,000 kwa kila mbuzi, la sivyo awasahau. Juu ya faini hiyo aliongezewa somo: kwamba hapo ni mahali pa wanyamapori, kwamba kwato za mbuzi huvunja udongo, kwamba mazingira ya nyanda kame yakishaharibika hayarudi upesi, na kwamba mtu wa umri wake alipaswa kuwa mfano kwa vijana. Alisikiliza yote hayo akiwa amevua kofia, mzee anayejua kila chemchemi ya vilima vile, akifundishwa na kijana ambaye hakuweza kumjibu ni mti gani waliokuwa wamesimama chini yake. Kisha akalipa.

Sina ugomvi na uhifadhi. Nimekulia mahali ambapo tembo na punda milia wa Grevy ni majirani, na najua kwamba bila uzio na walinzi, wengine wangekuwa wamekwisha. Kilichonichosha ni kwamba katika Laikipia nyasi zilezile zina sheria mbili, moja ya mwenye mbuzi na nyingine ya mwenye mabomu.

Mnakumbuka Machi 2021. Moto ulizuka katika vilima vya Lolldaiga, kwenye hifadhi ya takriban ekari 49,000, wakati askari wa Uingereza wakifanya mazoezi ya kivita humo. Ulipozimwa, zaidi ya ekari 10,000 zilikuwa zimeungua, na hesabu iliyotajwa mara nyingi ni ekari 12,000, yaani karibu robo ya hifadhi nzima. Mitarakwa na mizeituni mwitu iliyochukua miaka mingi kufika urefu wa nyumba ilibaki visiki vyeusi. Moshi haukusoma hatimiliki, wala haukusimama kwenye uzio kuuliza upande wa pili ni wa nani. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walilalamikia macho na vifua, na wanyama waliokimbia moto wakaingia katika mashamba ya watu. Mkazi mmoja aliyetoka nyumbani kwake kwenda kusaidia kuuzima alipoteza maisha. Wakati huohuo ukasambaa ujumbe wa Snapchat wa askari mmoja, akisimulia kama mtu anayesimulia likizo kwamba wamesababisha moto na kumwua tembo. Habari ya tembo ilibishaniwa baadaye, nami sitaki kuingia humo. Nataka tu muweke ujumbe ule kando ya lile somo la kwato za mbuzi, kisha mniambie ni nani kati ya hawa wawili aliyehitaji mafunzo ya uhifadhi.

Sasa, kuna atakayeniambia, kama nilivyoambiwa mara nyingi kwenye meza za chai mjini, kwamba Lolldaiga si mbuga ya umma, ni ardhi ya mtu binafsi, na mwenye ardhi humkaribisha amtakaye. Hoja hii naiheshimu kidogo tu. Kwanza, wanyama waliomo si mali ya mwenye ranchi. Hufugi tembo kama unavyofuga fahali. Na hifadhi za aina hii zinatambuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 kwa sababu zinawatunza viumbe hao kwa niaba yetu sote, na ni kwa jina hilohilo la wanyamapori kwamba mjomba wangu alitozwa faini. Huwezi kuwa mali ya umma mbuzi anapoingia, halafu ukawa mali ya binafsi jeshi linapoingia.

Pili, tukianza kuulizana juu ya umiliki, tuulizane tangu mwanzo. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwapa Laikipia, kwa ahadi kwamba ingekuwa yao kwa muda wote ambao wao kama watu watakuwapo. Ahadi hiyo haikufikisha hata miaka kumi. Mkataba mwingine wa mwaka 1911 uliwatoa tena, na kufikia 1913 walikuwa wameshaswagwa kusini, huku nyanda hizi zikigawiwa walowezi. Basi mtu anaponitolea hatimiliki na kuniambia nisiulize ni nani anayelipua nini juu ya ardhi ile, asishangae nikimwuliza hatimiliki ilianzia wapi. Simaanishi kwamba watu wavamie ranchi. Tuliona mwaka 2017, ukame ulipowasukuma wafugaji ndani ya ranchi hizo, jinsi serikali ilivyotuma wanajeshi pamoja na polisi kuwatoa. Kwa hiyo tunajua kwamba dola ina uwezo wa kulinda nyasi za Laikipia inapotaka.

Turudi kwenye swali la kichwa cha uzi huu. Nani alituuliza? Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Kifungu cha 69 kinailazimu serikali kuhimiza ushirikishaji wa umma katika kuyasimamia mazingira hayo na kuweka utaratibu wa kutathmini athari zake. Mtu akitaka kufungua kituo cha mafuta kando ya barabara ya Nanyuki, sheria inamtaka atayarishe ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na umma hupewa nafasi ya kusema. Jeshi la kigeni linaloweza kuleta vikosi hata sita vya askari wa miguu kwa mwaka, kila kimoja kwa wiki kadhaa, limewahi kuja kwenye baraza la chifu wetu kutuambia watakuwa bonde gani, tarehe ngapi, na kwa zana za namna gani? Mimi nahudhuria mabaraza. Nimeketi juani nikisikiliza matangazo ya chanjo ya ng'ombe, ya vitambulisho, ya mbwa wasiofungwa. La mazoezi ya kivita sijalisikia hata mara moja. Tunayajua kama tunavyojua mvua, kwa kusikia ngurumo.

Wala si kweli kwamba hatari hii ilikuwa ngeni mwaka 2021. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa wafugaji 228 wa Kimaasai na Kisamburu pauni milioni 4.5, baada ya watu kuuawa na kulemazwa na mabomu yaliyoachwa bila kulipuka katika maeneo ya mazoezi ya Dol Dol, hapa Laikipia, na Archers Post, kule Samburu. Wengi wa waathiriwa walikuwa wachungaji, na wapo waliokuwa watoto waliookota kitu king'aacho wakidhani ni cha kuchezea. Nilitarajia kwamba baada ya fedheha ya namna ile, kila bonde lililowahi kutumika lingekaguliwa, ramani za ukaguzi zingebandikwa kwenye ofisi ya kila chifu, na wachungaji wangejua pa kupita na pa kuepuka. Kama ramani hizo zipo, basi zimefichwa vizuri kuliko mabomu yenyewe.

Jinsi madai ya moto yalivyoshughulikiwa ndiko kulikonitoa machozi ya hasira. Wakazi pamoja na ACCPA, shirika la kiraia linalotetea mazingira, walikwenda kortini. Hoja ya kwanza ya upande wa Uingereza haikuwa juu ya moto. Ilikuwa kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu ya serikali yao. Yaani moto umewaka Kenya, umechoma miti ya Kenya, umewafukiza Wakenya moshi, lakini hakimu wa Kenya asiulize neno! Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Nanyuki ilikataa hoja hiyo na kusema kwamba ina mamlaka, nasi tukashangilia kama watu walioshinda, kumbe tulikuwa tumeshinda haki ya kuendelea kungoja. Ikaja kamati ya pamoja ya serikali mbili, ikaja mikutano, zikaja fomu. Malipo yalikubaliwa nje ya mahakama mwaka 2025, zaidi ya miaka minne baada ya moto: pauni milioni 2.9 kwa walalamishi 7,723. Ukizigawa sawa kwa sawa, kila mmoja anapata takriban shilingi 65,000, bei ya ng'ombe mmoja wa wastani siku ya soko ikiwa mvua imenyesha. Kwa wale wanaopenda ulinganisho, kambi mpya ya Nyati iliyofunguliwa hapa Nanyuki mwanzoni mwa mwaka uleule wa moto iligharimu pauni milioni 70.

Na wabunge je? Kamati ya Bunge la Taifa inayosimamia ulinzi na mahusiano ya kigeni ilianza uchunguzi mwaka 2023, ikaja kusikiliza watu huku mwaka 2024, na ripoti yake ya mwishoni mwa 2025 ikaeleza kwamba jeshi hilo lilikataa kufika mbele yake likidai kinga ya kidiplomasia. Hapo ndipo niliposoma mara mbili nikidhani macho yamenidanganya. Mjomba wangu hakuwa na kinga. Aliitwa, akaenda, akasimama, akajibu.

Najua kuna majirani watakaokasirika nami, na nawaelewa. Kuna mwenye bucha, mwenye nyumba za kupanga, fundi wa magari, mama anayepika kambini, na vijana wanaopata vibarua msimu wa mazoezi unapofika. Mji wa Nanyuki umekua kwa sehemu kwa fedha za Majoni, kama tuwaitavyo askari wa Uingereza, na mimi mwenyewe nimekunywa chai iliyolipiwa kwa fedha hizo. Pia najua kwamba askari wetu wananufaika na mafunzo ya pamoja. Lakini sijasikia mwajiri yeyote anayedai ruhusa ya kuchoma kijiji kwa sababu ameajiri wapishi. Atakayesema tunyamaze kwa sababu ya ajira anatuambia tu bei aliyotuuza, na hata hiyo bei hakutushirikisha kuipanga.

Ninachodai si kikubwa. Siku mkataba wa ushirikiano wa ulinzi uliotiwa saini mwaka 2021 utakapojadiliwa tena, uletwe huku kwa lugha tunayoisoma, usomwe barazani, na watu wa Laikipia na Samburu waulizwe kabla ya saini, si baada ya moto. Tarehe za mazoezi na mipaka yake itangazwe kama tunavyotangaziwa kukatwa kwa umeme. Msimu wa ukame mkali, wakati ambapo hata mfugaji hukatazwa kuwasha moto wa kuchemshia chai karibu na uzio, mazoezi ya risasi za moto yasimame. Na uharibifu utokeapo, ulipwe kwa kipimo kilekile wanachotumia kwetu.

Juu ya kipimo hicho, jana jioni nilikaa na mjomba tukapiga hesabu, kwa sababu yeye hasahau deni. Kwa nyasi za ekari moja zilizoguswa kwa alasiri moja tu, tena zikaota tena baada ya mvua, alitozwa shilingi 11,000. Kwa bei hiyo, ekari 12,000 kwa alasiri moja ni shilingi milioni 132. Zile pauni milioni 2.9, ukizibadilisha, ni kama shilingi milioni 500, kwa hiyo hazifiki alasiri nne za mbuzi. Mitarakwa ya Lolldaiga imekaa zaidi ya miaka minne ikiwa majivu. Mzee aliitazama karatasi, akainua kofia yake, akaniagiza niwaulize wenye mamlaka wanaosoma hapa: kwa kuwa sasa bei ya nyasi imeshuka kiasi hicho, yeye atarudishiwa chenji yake na nani?