Naomba ushauri: nyimbo yangu ya country ina kordi tatu tu, naambiwa ni ya wanafunzi

gitaa_la_bonde
Wadau hamjambo. Niko Eldoret, nimepiga gitaa miaka sita sasa na country ndiyo nimekulia, Jumapili mchana marehemu babangu alikuwa anaweka kanda ya Jim Reeves, ikiisha anaweka Don Williams, nyumba nzima inatulia. Sasa nimetunga nyimbo kuhusu asubuhi niliyotoka nyumbani kwenda Nairobi kutafuta kazi. Iko kwa G, kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni G, C na D7 basi, mwanzo mpaka mwisho. Juzi nikawapigia wenzangu wa bendi, mpiga kinanda wetu ambaye pia hupiga kanisani akasema hii ni ya wanafunzi, akaanza kuingiza diminishi na pasingi kordi, yaani kordi ngumu za kupitia kati ya zile zangu, karibu kila neno. Jamaa anajua kazi yake, hilo sikatai, lakini nilipoimba juu ya zile kordi nikahisi mama, ambaye ananiaga humo, ametoka kwa nyimbo. Tunarekodi Jumamosi. Nimwachie ama nishikilie zangu tatu?

mzee_wa_kapo
Shikilia kijana wangu. Hank Williams alitoa Jambalaya 1952 kwa kordi mbili, na huyo Don Williams wa babako aliimba Tulsa Time 1978, pia mbili. Si kwamba Nashville, ule mji wa country kule Marekani, walikosa watu wa kupiga kordi ngumu, Crazy ya Patsy Cline ya 1961 imejaa kordi na iliandikwa na Willie Nelson, ila ile melodi yenyewe inapanda na kushuka kwa namna inayozidai. Yako inadai? Kama unasimulia kisa, mtu lazima ashike maneno mara ya kwanza anayosikia, na kila kordi ngeni inamvuta sikio kidogo.

alto_arusha
Kaka pole. Huyo mwenzako usibishane naye kwa maneno, mpe karatasi yenye namba. Sisi kwaya tunasoma solfa (zile do re mi), na kule Nashville wana kitu kinachofanana, mwishoni mwa miaka ya 1950 Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alianza kuandika kordi kwa namba, G ikiwa ndiyo kii (sauti ya msingi ya nyimbo) basi G ni 1, C ni 4, D ni 5, mwimbaji akibadilisha kii karatasi haibadiliki. Mpaka leo wapigaji wa studio kule wanaitumia. Akiona 1 4 5 ataelewa hiyo ni njia ya watu wa kazi. Hebu weka mstari mmoja tuone kordi zinaangukia wapi.

gitaa_la_bonde
Asante dada. Mstari ndio huu: "Mama akafunga lango, akaniita jina langu la utotoni." Naanza G, C iko kwa "lango", narudi G kwa "jina", D7 halafu G kwa "utotoni".

besi_nne
Hapo ndipo penye shida ndugu yangu, idadi haina neno, ni mahali. Lango ni mbao tu, umelipa C yako yote! Kaa G kimya mpaka lango lifungwe, besi itembee do re mi, ifike fa pamoja na C palepale kwa "jina", maana hapo ndipo moyo unapasuka. Halafu "utotoni" iache kwa D7, usirudi G mpaka mstari unaofuata, kwani wewe ulimjibu mama? Hukumjibu. Acha nyimbo nayo isubiri. Na mpiga kinanda mpe kazi ya maana, kabla ya kiitikio cha mwisho mpande nusu sauti kama Kenny Rogers kwenye The Gambler, yeye ndiye awapandishe.

mzee_wa_kapo
Besi umesema vizuri sana. Mimi ningeongeza kapo tu, kile kibanio cha shingo ya gitaa, kama sauti inakwama chini weka kapo freti ya pili, utabaki na shepu zako za G lakini unaimba kwa A.

gitaa_la_bonde
Nimerudi wadau. Tumejaribu jana usiku, C kwa "jina", D7 ikining'inia. Mpiga kinanda alinyanyua mikono kwa zile funguo akaacha gitaa peke yake mstari mzima, mimi sikumwambia. Ile ya kupanda nusu sauti ameikubali, anauliza kama aje Jumamosi na sauti ya ogani badala ya piano. Nimemwambia aje nayo.