Mjadala: Meli ikizama, tumlaumu baharia aliyekimbia au mwenye meli aliyewanyima watu mashua?

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila meli inapozama, iwe ziwani kwetu au kwenye bahari za mbali, lawama ya kwanza humwendea baharia. Nahodha kakimbia, mabaharia wamejiokoa wao. Kisha hufuata la pili: zamani haikuwa hivi, zamani wanaume walisimama sitahani wakafa ili wanawake na watoto wapone. Naomba tuijadili hiyo zamani yenyewe, kwa meli na kwa tarehe, kwa sababu naona tunaitumia vibaya, na wanaofaidika na matumizi hayo ni wenye meli.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Birkenhead, meli ya Uingereza ya kubebea askari. Iliondoka Simon's Town, Afrika Kusini, jioni ya tarehe 25 Februari 1852, ikipeleka askari kwenye vita dhidi ya Waxhosa. Nahodha Robert Salmond aliambaa na pwani ili awahi kufika. Saa nane usiku ikagonga mwamba ambao haukuwa kwenye ramani, karibu na Danger Point. Askari zaidi ya 100 walikufa maji huko chini walikolala. Waliofika juu walipangwa sitahani na Luteni Kanali Alexander Seton. Meli ilipokuwa inakatika, wakaombwa wasizifuate mashua walimopakiwa wanawake na watoto, maana wangezizamisha. Wengi wao walitii. Wanawake na watoto waliokuwemo walipona wote. Kati ya watu wapatao 640, waliopona ni kama 193, na Salmond na Seton hawakuwa miongoni mwao. Mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, aliamuru habari hiyo isomwe mbele ya vikosi vyake vyote.

Siupunguzi ujasiri wa wale vijana hata chembe, na wengi wao walikuwa makuruti. Ninachouliza ni kwa nini walilazimika kufa. Meli ilikuwa na mashua nyingine, lakini zilizofanikiwa kushushwa ni tatu tu. Mitambo ya kuzishushia ilikuwa imeganda kwa rangi na kwa kukosa matunzo. Zile kuta za ndani za chuma, ambazo kazi yake ni kuzuia maji yasihame kutoka chumba kimoja kwenda kingine, zilikuwa zimetobolewa njia kubwa ili askari wengi zaidi wapate nafasi. Kuta hizo zilitobolewa mchana kweupe, meli ikiwa salama, kwa uamuzi wa watu ambao usiku ule walikuwa wamelala makwao.

Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Septemba 1854, meli Arctic ya kampuni ya Collins ya Marekani ilikuwa ikitoka Liverpool kwenda New York. Karibu na Newfoundland ikagongana kwenye ukungu na meli ndogo ya Kifaransa, Vesta. Arctic ilikuwa na watu kama 400, na ilichukua zaidi ya saa nne kuzama. Waliopona hawakufika 90: wengi wao mabaharia, wachache abiria wanaume. Mwanamke hakupona hata mmoja. Mtoto hakupona hata mmoja. Mke wa Edward Collins, mwenye kampuni, alikufa humo pamoja na watoto wao wawili.

Huu ndio mfano wa pili unaopendwa, wa waoga. Lakini hebu tupige hesabu. Arctic ilikuwa na mashua sita za kuokolea, zenye nafasi ya watu kama 180. Hata kila baharia angejitoa mhanga, watu zaidi ya 200 walikuwa hawana pa kukaa tangu meli ilipong'oa nanga Liverpool. Na idadi hiyo ya mashua haikuvunja kanuni za wakati ule. Meli yenyewe ilikuwa ikienda kasi ndani ya ukungu kwa sababu Collins alilipwa na serikali ya Marekani kubeba barua, ruzuku iliyopanda hadi dola 858,000 kwa mwaka, na alichoahidi ni kuwashinda Waingereza wa kampuni ya meli ya Cunard kwa kasi.

Hoja yangu ni kwamba askari wa Birkenhead na mabaharia wa Arctic waliwekwa kwenye mtihani uleule na watu walewale: wale waliopeleka watu baharini bila mashua za kuwatosha, au na mashua zisizoshuka. Kuwasifu wa kwanza na kuwalaani wa pili kumewafaa sana wenye meli. Karibuni mnipinge.

Baharia Mstaafu, Tanga:

Kijana wangu, nimekusoma vizuri na nakupinga nusu.

Umesema mashua za Arctic zilitosha watu 180. Waliopona hawakufika 90. Basi nafasi zilizokuwepo hazikujazwa, na hilo halikufanywa na Collins, lilifanywa na watu waliokuwa juu ya sitaha. Zipo mashua zilizoondoka zikiwa na nafasi tupu. Nahodha James Luce alishindwa kuwashika watu wake. Alimtuma ofisa wake wa kwanza, Gourlay, kwa mashua kwenda kuitazama Vesta, kisha akageuza meli kukimbilia nchi kavu na kumwacha huko huko. Mafundi wa injini wakajichukulia mashua. Ukiongeza mashua kumi kwenye meli ya namna hiyo, unawaongezea wakimbiaji vyombo vya kukimbilia.

Na Vesta yenyewe usiipite haraka. Ilipondeka omo, yaani sehemu yake ya mbele, vibaya, wote wakadhani ndiyo inayozama. Nahodha Duchesne aliwatuliza watu, akatupa mizigo ya mbele baharini ili omo inyanyuke, akaifikisha meli St. John's. Waliokufa kwake ni wachache, wengi wao wale waliokimbilia mashua mapema. Nidhamu iliwaokoa watu wale.

Baharia anapokula kiapo cha kazi hii anajua ni kazi gani. Abiria hajui kamba ipi ishushwe kwanza. Wewe unayejua ukikimbia, umemuua.

Mwanzisha mada:

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kwamba Arctic ingeokoa watu wengi zaidi kama mashua zingejazwa. Ila Duchesne alipata muda wa kutuliza watu kwa sababu Vesta ilikuwa ya chuma na ilikuwa na ukuta wa ndani uliozuia maji nyuma ya ile omo iliyopondeka. Arctic ilikuwa ya mbao na haikuwa na kuta hizo. Luce angekuwa na utulivu kiasi gani, maji yangejaa tu. Nidhamu unayoisifu ilikuwa na kitu cha kuegemea.

Nikuongezee jambo. Luce hakukimbia. Alizama na meli pamoja na mwanawe mdogo mlemavu, akaibuka, mtoto akafa mbele ya macho yake. Na kijana Stewart Holland, aliyekuwa akijifunza kazi ya injini, alibaki akipiga mzinga wa ishara hadi meli ikaenda naye. Hao nao walikuwa mabaharia wa Arctic. Wale walioshindwa kupata mashua walijengewa chelezo kwa milingoti na mbao. Walipanda watu zaidi ya 70, akapatikana mmoja akiwa hai. Huyo mmoja alikuwa mhudumu wa meli. Je, naye tumwite mwoga kwa kuwa alipona?

Wakili Mchanga, Nairobi:

Naomba niingize kesi, maana mnajadili lawama bila sheria.

Tarehe 19 Aprili 1841 meli William Brown, ikitoka Liverpool kwenda Philadelphia na wahamiaji wengi wao Waayalandi, iligonga barafu. Ilikuwa na abiria 65 na mabaharia 17. Mashua zilikuwa mbili tu. Abiria 31 waliachwa melini wakazama nayo. Nahodha aliingia kwenye mashua ndogo na watu wachache, mashua kubwa ikabeba zaidi ya 40 na ilikuwa inavuja. Usiku uliofuata mabaharia walianza kuwatupa abiria baharini ili isizame. Asubuhi yake meli nyingine ikapita na kuwaokoa waliobaki.

Aliyeshitakiwa ni mmoja: baharia wa kawaida, Alexander Holmes. Mwaka 1842, huko Philadelphia, alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi sita na faini ya dola 20. Jaji Baldwin aliwaeleza baraza la wazee wa mahakama kwamba baharia ana wajibu kwa abiria unaozidi haki yake ya kuishi, isipokuwa wale wanaohitajika kuendesha chombo, na kwamba kama mtu lazima atolewe, kura ipigwe.

Kisheria mimi nauona msimamo huo ni sahihi, na nauunga mkono hata leo. Lakini tazameni waliokosekana kizimbani. Nahodha hakushitakiwa. Ofisa aliyeongoza mashua ile hakushitakiwa. Waliopeleka watu 82 baharini na mashua mbili hawakuulizwa. Na Holmes huyo, mashahidi walieleza kwamba meli ilipokuwa inazama alirudi kumchukua mtoto wa kike aliyesahaulika na kumwingiza kwenye mashua. Kuhusu Arctic, uchunguzi rasmi haukufanyika kabisa. Hakuna aliyefikishwa popote. Mwanzisha mada anayo hoja hapo, na mzee wa Tanga anayo hoja kwenye wajibu. Mimi ningewashitaki wote wawili, mwenye meli na baharia.

Bi. Msomaji, Zanzibar:

Nyote mmelipita moja. Mnaizungumzia Birkenhead kama desturi ya zamani, na mnabishana kama ilivunjwa au haikuvunjwa. Haikuwa desturi.

Watafiti wawili wa Uppsala, Sweden, Elinder na Erixson, walichapisha mwaka 2012 utafiti wa ajali 18 za meli kuanzia mwaka 1852 hadi 2011. Kwa jumla wanawake walipona kidogo kuliko wanaume, na mabaharia walipona zaidi kuliko abiria. Birkenhead na Titanic ndizo zilizokwenda kinyume. Na pale nahodha alipotamka amri ya kutanguliza wanawake na watoto, hali yao ilikuwa nafuu.

Kabla ya Arctic, Januari 1854, Tayleur ilikuwa kwenye safari yake ya kwanza kutoka Liverpool kwenda Melbourne. Ilikuwa meli mpya ya chuma, dira zake zikapotoshwa na chuma hicho hicho, ikaenda kugonga kisiwa cha Lambay karibu na Dublin. Ilikuwa karibu na nchi kavu kiasi kwamba watu walivuka kwa milingoti na kamba. Walikuwemo wanawake zaidi ya 100. Waliopona ni watatu. Nguo nzito za wakati ule, watoto mikononi, na hakuna aliyeamuru watangulie. Hapo mwamba ulifikika bila mashua, na bado walikufa. Kwa hiyo mwanzisha mada, idadi ya mashua haielezi kila kitu.

Mkazi wa Mwanza:

Naunga mkono Bi. Msomaji, kwa mfano wa karibu. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilipinduka karibu kabisa na Mwanza. Meli ikipinduka, mashua za kuokolea zinafuata upande uliolala, na watu wako ndani. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na hesabu ya serikali ya waliokufa ilikaribia 900. Hapo swali la nani atangulie halikuwepo kabisa. Swali lilikuwa mlangoni, wakati wa kupanda: nani alikuwa anahesabu, na kwa nini hakufunga mlango?

Mwanzisha mada:

Bi. Msomaji na ndugu wa Mwanza, mmeniongezea, ila sidhani mmenipinga. Nilisema mashua kwa sababu Arctic ilikosa mashua. Tayleur ilikosa dira ya kuaminika, na iliruhusiwa kubeba mamia ya watu kabla haijathibitishwa. MV Bukoba ilikosa mtu wa kufunga mlango. Katika zote, kosa lililoua wengi lilifanywa bandarini.

Na hili la mashua halikuishia 1854. Titanic mwaka 1912 ilikuwa na nafasi 1,178 kwa watu wapatao 2,200, na ilitimiza kanuni za Uingereza, kwa kuwa kanuni zilipima ukubwa wa meli badala ya kuhesabu vichwa. Mkataba wa kimataifa wa kutaka kila mtu melini awe na nafasi kwenye mashua ulikuja mwaka 1914. Ni miaka 60 baada ya Arctic. Miaka yote hiyo mahubiri yalikuwa yakihubiriwa juu ya ushujaa na uoga, na Birkenhead ikisimuliwa shuleni.

Mzee wangu wa Tanga, nikuulize moja kwa moja: ungekuwa wewe kwenye sitaha ya Arctic, watu 400, nafasi 180, ungechagua vipi?

Baharia Mstaafu, Tanga:

Nitakujibu. Wanawake na watoto kwanza, pamoja na mabaharia wanne kwa kila mashua wa kupiga makasia na kushika usukani, si zaidi. Nafasi zinazobaki, kura kwa abiria wanaume. Mimi na waliobaki tungejenga chelezo tukiwa bado na mwanga, na saa nne zinatosha kujenga chelezo kizuri kuliko kile chao, kama mikono yote ingekuwepo. Mikono haikuwepo kwa sababu ilikuwa imeshaondoka na mashua.

Wangekufa wengi. Lakini wasingekufa 300, na wasingekufa watoto wote. Tofauti hiyo ni ya mabaharia, kijana wangu, na hata umfunge Collins maisha siwezi kuwaondolea.