Nilianguka na baiskeli, sasa nimeshikwa na hofu: nirudi vipi barabarani?

MwendoPole (Makongo Juu, Dar es Salaam)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wale wanaokimbia na kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya, hasa waliowahi kupata ajali wakaingiwa na hofu, kisha wakarudi.

Nina umri wa miaka 41. Mwezi Januari daktari aliniambia kuwa shinikizo langu la damu limepanda, akanianzishia dawa na kunisihi nifanye mazoezi kwa angalau dakika 150 kila juma. Nilianza kwa kutembea haraka haraka, nikachanganya na kukimbia kidogo kidogo, na mwezi Aprili nikanunua baiskeli ya mtumba ili siku ambazo magoti yamechoka nisikae bure. Nilijipangia siku nne kwa juma, na kwa miezi mitatu sikukosa hata moja. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho, nilikuwa ninalala usingizi wa kushiba.

Katikati ya Julai, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nilikuwa kwenye baiskeli pembezoni mwa barabara kubwa. Nilikuwa ninakabiliana na magari kama ninavyofanya ninapokimbia, kwa sababu nilifundishwa kuwa ni salama zaidi kukiona kinachokuja. Bodaboda alichomoza kutoka mtaani akaligonga gurudumu langu la mbele. Niliangukia kiwiko na paja, nikachubuka vibaya, lakini namshukuru Mungu sikuvunjika. Yule kijana alisimama, akaninyanyua, akawa anarudia neno moja tu huku mikono ikimtetemeka: "Mama, sikukuona. Wallahi sikukuona."

Sasa yamepita majuma matano na vidonda vimekauka. Kila alfajiri ninaamka kengele ikilia, ninavaa raba, ninafunga kamba, ninakaa ukingoni mwa kitanda, kisha ninazifungua tena na kurudi kulala. Mume wangu anashauri niachane kabisa na baiskeli. Ninaomba kujua mambo mawili: nilikosea wapi, na ule moyo niliokuwa nao unarudishwaje?

FundiSpoku (Kimara)

Pole sana dada yangu. Mimi ni fundi baiskeli na ninaendesha kila siku kutoka Kimara hadi Kariakoo, kwa hiyo naomba nianze na ajali yenyewe kabla ya kuzungumzia moyo, kwa sababu naamini hofu yako itapungua ukifahamu kilichotokea.

Kijana yule alikuambia kweli. Kwetu vyombo hupita kushoto. Dereva anayetoka mtaani na kukata kushoto ili aingie barabara kubwa huangalia kulia kwake, kwa kuwa ndiko vinakotokea vyombo vya upande anaouingia. Kushoto kwake hatarajii chochote chenye mwendo. Wewe ulikuwa unatokea kushoto kwake, tena gizani. Mkimbiaji akifika kwenye mdomo wa mtaa anaweza kusimama kwa hatua mbili akampisha mwenye chombo, lakini baiskeli haisimami kwa hatua mbili. Halafu fikiria mwendo: ukienda kilomita 20 kwa saa na gari likaja kwa kilomita 50, mkielekea upande mmoja linakukaribia kwa tofauti ya 30 tu, na dereva anaweza kupunguza akatulia nyuma yako mpaka apate nafasi ya kukupita. Mkikabiliana, mnakaribiana kwa 70, na hana pa kutulia.

Kwa hiyo kanuni uliyofundishwa ni sahihi kwa miguu, na kwa baiskeli ni kinyume chake. Ukikimbia mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kaa kulia utazamane na magari. Ukipanda baiskeli, kaa kushoto uende nayo. Wateja wangu wengi walikuwa wanakosea hapo hapo ulipokosea wewe, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza.

Ukiwa kushoto, usijibane ukingoni kabisa. Kule ndiko kuna mchanga, vifuniko vya mitaro vilivyovunjika na abiria wanaoshuka ghafla. Acha karibu mita moja kati yako na ukingo, uende katika mstari ulionyooka, na usichomoke chomoke kila unapopata upenyo kati ya magari yaliyoegeshwa. Kabla ya kuhama mstari, geuza shingo utazame nyuma, kisha nyoosha mkono. Daladala likisimama kituoni, lisubiri au lipite kwa kulia baada ya kuangalia nyuma. Usipenye kushoto kwake, kwa sababu mlango uko huko. La mwisho, ambalo ninalisema kwa uchungu kwa kuwa nimemzika rafiki kwa sababu yake: usisimame ubavuni mwa lori kwenye taa au kwenye kona. Likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, na dereva aliye juu kule hakuoni hata kidogo.

Ipeleke pia baiskeli kwa fundi kabla ya kuipanda tena, hata kama inaonekana nzima. Aangalie uma wa mbele kama haujapinda, na aizungushe ringi aone kama inayumba. Mwenyewe unaweza kupima breki: bana ya mbele kisha sukuma usukani mbele, gurudumu likiendelea kuzunguka, mipira ya breki imekwisha au waya umelegea. Kama ulivaa kofia ngumu na ikagonga lami, usiivae tena, maana povu la ndani hubonyea mara moja tu na halirudi, hata ganda la nje lisipoonyesha ufa.

Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima kwa saa uliyotoka. Mwezi Julai jua la Dar es Salaam huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa kumi na mbili kasorobo ni usiku, ingawa sisi tunaoamka mapema tunauita asubuhi.

Muuguzi wa Zamu (Morogoro)

Mama mwenzangu, pole. Namshukuru FundiSpoku kwa maelezo yake, nami nitajazia upande wa mwili.

Majuma matano ya kukaa yamepunguza pumzi yako, na hilo ni la kawaida kabisa. Usianzie pale ulipoishia. Chukua nusu ya muda uliokuwa unafanya mwezi Julai, kisha ongeza taratibu, takriban sehemu moja ya kumi kila juma. Kipimo kizuri cha kasi hakihitaji saa: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, uko mahali panapofaa, ukiweza kutoa neno moja moja tu, punguza.

Kwa kuwa unatumia dawa za shinikizo la damu, mwambie daktari wako kwamba unarudi mazoezini. Dawa nyingine huongeza mkojo, na ukitoka jasho jingi katika joto la pwani unaweza kupata kizunguzungu unaposimama ghafla. Nyingine huzuia mapigo ya moyo yasipande sana, kwa hiyo usishtuke saa ya mkononi ikionyesha namba ndogo ilhali unajisikia unafanya kazi kubwa. Maumivu ya kifua, kubanwa pumzi kusiko kwa kawaida au kuona giza ni sababu za kusimama papo hapo na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kule kufunga na kufungua kamba, naomba usijilaumu. Nimewauguza watu wengi waliopata ajali ndogo kuliko yako ambao miezi mingi baadaye walikuwa bado wanaruka wakisikia pikipiki. Mwili umekumbuka hatari, na hausikii hoja. Jaribu hivi: siku ya mapumziko, mchana kweupe, tembea na mumeo mpaka mahali ulipoangukia. Simameni hapo, umwonyeshe bodaboda alitokea wapi na wewe ulikuwa wapi, mkae mpaka mapigo ya moyo yatulie, kisha mrudi nyumbani. Rudieni siku nyingine. Usipande baiskeli mahali hapo mpaka uweze kupita kwa miguu bila mwili kusisimka.

Mkimbiaji wa Karura (Nairobi)

Pole dada, kutoka Nairobi. Nilipogongwa na kioo cha matatu miaka michache iliyopita, kilichoniokoa ni kuondoka barabarani kabisa kwa muda wa miezi miwili. Nilihamia Karura, ule msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa wakiutetea mwaka 1999, na kila ninapopita chini ya miti ile huwa ninawaombea dua. Unalipa kiingilio langoni, na ndani kuna njia za udongo za kukimbilia na za baiskeli. Hakuna gari linalokunyemelea nyuma, kwa hiyo mabega yanashuka yenyewe. Tafuta mahali pa namna hiyo huko kwenu. Kwa kuwa uko Makongo Juu, nadhani barabara za ndani za Chuo Kikuu pale Mlimani hazikosi kufaa.

Jambo moja zaidi, maana huku limetusumbua: mbwa. Akikufuata, acha kukimbia. Ukiwa kwenye baiskeli, shuka na uiweke kati yako na yeye, usimkazie macho, urudi nyuma polepole. Akikung'ata hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kuchanjwa siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua.

Dada wa Maisara (Unguja)

Naongeza machache kwa akina mama. Mimi huendesha nikiwa nimejistiri, na nimewahi kuvutwa chini na pindo la baibui lililoingia kwenye mnyororo. Tangu hapo navaa suruali pana iliyobanwa kifundoni, juu yake gauni linaloishia magotini, na baiskeli yangu ina kifuniko cha mnyororo. Mtandio nauingiza ndani ya kola, bila pini shingoni.

Maneno ya vijiweni yapo, na yanavunja moyo kuliko wanaume wanavyofikiri. Sijibu, sipunguzi mwendo, na sipiti njia ile ile kwa saa ile ile kila siku. Nyumbani wanajua nimepita wapi na nitarudi saa ngapi. Simu ikae mfukoni au kiunoni ndani ya nguo, isiwe mkononi, kwa sababu wakwapuaji wa pikipiki hawahitaji zaidi ya sekunde moja. Vifaa vya kusikilizia nimeviacha kabisa, maana sikio ndilo jicho langu la nyuma.

Mzee wa Mchakamchaka (Sinza)

Binti yangu, wenzangu wamemaliza habari za barabara, nami nitazungumzia moyo.

Nina miaka 63. Kizazi chetu kilikimbia mchakamchaka shuleni kabla jua halijachomoza, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Hakuna aliyekuwa anajiuliza kama ana hamu ya kukimbia. Ulikimbia kwa sababu aliye mbele yako anakimbia na aliye nyuma yako atakukanyaga visigino ukisimama. Nilipofika miaka 50, nikiwa na sukari na kitambi, nilijaribu kukimbia peke yangu mara tatu, na mara zote tatu niliacha kabla ya mwezi kuisha. Kilichonidumisha ni kikundi cha jogging cha mtaani kwetu.

Tuko kama 30. Wa mbele ana bendera nyekundu ya kusimamishia magari kwenye vivuko. Wa mwisho tunamwita mfunga mkia, na kazi yake ni kutomwacha mtu: ukitembea, anatembea nawe, ukikaa chini, anakaa. Nimekuwa mfunga mkia kwa miaka minne, na nakuambia kuwa watu wengi hawaamshwi na hamu bali na kujua kwamba wasipoonekana, mtu atapiga simu kuuliza wana nini. Wewe kwenye ukingo wa kitanda huna anayekusubiri nje. Hilo ndilo ninaloliona katika maelezo yako, zaidi ya hofu.

Nakuomba pia uache kupima kasi kwa sasa. Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya marathoni kutoka Tokyo mwezi Septemba 2025, akimshinda mwenzake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kilomita 42, vijana wetu walipandwa na ari, wakaanza kushindana kwa programu za simu kila Jumamosi. Kabla ya mwezi kuisha wanne walikuwa wanachechemea. Sisi wengine tuna kalenda ya ukutani, na kila siku tuliyotoka tunaitia alama ya kalamu, iwe tulikimbia kilomita nane au tulitembea dakika 15. Hesabu siku zako namna hiyo.

MwendoPole

Nimesoma kila neno, na mengine nimemsomea mume wangu kwa sauti. Tulipofika pale penye maelezo ya dereva anayetazama kulia tu, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza taa ya baiskeli inauzwa bei gani.

Jumapili tulikwenda mpaka pale mahali. Nilitetemeka tulipokaribia, nikamshika mkono, tukasimama. Mdomo wa ule mtaa una ukuta mrefu na kibanda cha mkaa kwenye kona, na niliposimama pale anapotokea bodaboda niliona kwamba kweli asingeweza kuniona mpaka gurudumu langu liwe mbele yake. Nimemsamehe kabisa, ingawa hata sikuwa najua kwamba nilikuwa bado nina kinyongo naye.

Baiskeli iko kwa fundi, na uma umepinda kidogo. Nitaanza kwa miguu. Mzee wangu, shikamoo. Je, kikundi chenu kinampokea mtu anayetembea zaidi kuliko kukimbia, na mnakutana wapi?

Mzee wa Mchakamchaka (Sinza)

Marahaba binti yangu. Tunampokea. Jumamosi hii tunaingia Chuo Kikuu kwa lango la Barabara ya Sam Nujoma, saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumekucha. Njoo na maji yako na fulana ya rangi inayong'aa. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, nimevaa kofia ya kijani.